Kinu cha nyuklia Kilifi: Wapemba tuogope nini hasa? (UZI MREFU)

mzee_wa_jenereta

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Pemba. Jamaa anasema Kenya wanajenga "bomu la umeme" Kilifi, na siku likiripuka Konde na Micheweni ndio wa kwanza kufutika. Shangazi yangu kanipigia kuuliza kama auze mikarafuu yake mapema. Nimemwambia asiuze hata mche mmoja, na nikamuahidi nitaandika.

Mie kazi yangu ni majenereta ya mahoteli upande wa Nungwi. Nyuklia sikuisomea chuo, lakini mtambo ni mtambo: kuna joto, kuna kinachozunguka, kuna waya, na kuna bili. Hivyo vinne navijua.

Kwanza kilicho kweli. Kenya wanayo taasisi ya serikali inayoshughulikia nyuklia, NuPEA, na mpango waliokuwa wameutangaza ni kituo cha megawati 1,000, ujenzi uanze 2027 na umeme utoke 2034. Pahala palipotajwa mwanzo ni Uyombo, kaunti ya Kilifi, jirani na Watamu na hori ya Mida. Mwaka 2024 wenyeji waliandamana kukataa, wavuvi wakiwa mbele, pakawa na purukushani na polisi. Baada ya hapo macho yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Kwa hiyo bwana wa kwenye sauti habari yake imeshachacha. Ila tusilale: kituo kama hichi kinataka maji mengi mno ya kupoozea, na Kenya maji ya wingi huo yako pahala pawili, ziwani na baharini. Siaya ikikwama, pwani ipo.

Na Kilifi kwetu si ugenini. Wapemba wako Watamu, Mayungu na Malindi tangu enzi za mababu, na mwaka 2023 serikali ya Kenya ikawatambua rasmi kuwa raia. Wengine kila msimu wanakwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, na kurudi.

Hoja yangu naiweka mezani mapema tusije tukazungushana. Kituo kikubwa cha nyuklia huwa deni miaka mingi kabla hakijawa umeme, na hilo deni ndilo la kuliangalia kwa makini. Na sie visiwani, mara zote tulizokaa gizani muda mrefu, kilichotuangusha ni waya.

Karibuni.

---

mtoto_wa_darajani

Mzee kwani bomu si bomu? Hiroshima ilikuwa nini, gunia la karafuu? 😂

---

mwalimu_kiuyu

Waalaykum salaam. Nasomesha fizikia sekondari, na kila ninapofika mada ya atomi lazima mwanafunzi mmoja aniulize hili. Nijibu mie.

Urani ikitoka ardhini, ile aina inayopasuka kwa urahisi, U-235, imo kwa asilimia 0.7 tu. Kwa kinu cha umeme wanaiongeza mpaka kati ya asilimia 3 na 5. Bomu linataka kama asilimia 90. Kinu cha umeme hakiwezi kuripuka kama Hiroshima, hata ukiloge. Chernobyl, tarehe 26 Aprili 1986, kilichopasua jengo ni mvuke, na kinu kikaungua wazi hewani. Fukushima, Machi 2011, ilikuwa gesi ya haidrojeni iliyokusanyika ndani ya majengo. Kote kuwili kilichohamisha watu ni chembe za mionzi zilizotoka nje zikapeperuka, zikatua kwenye mashamba, maji na maziwa ya ng'ombe. Kwa hiyo hatari ipo, lakini si ile ya kwenye sauti.

Kinavyofanya kazi: kiini cha urani kinapigwa na nyutroni, kinapasuka, kinatoa joto na nyutroni nyengine, na hizo zinakwenda kupasua viini vyengine. Kwenye aina inayojengwa zaidi siku hizi, maji yanayozunguka ndani ya kinu yanabanwa kwa shinikizo mara 150 na ushei ya hili la hewa tunayovuta, ili yafike nyuzi 320 bila kuchemka. Yanapitishwa kwenye mabomba membamba, yanachemsha maji mengine yaliyo nje ya mabomba, na mvuke wa hayo ya pili ndio unaozungusha turbini. Kutoka hapo ni jenereta tu, kama za mzee lakini kubwa.

Kuna jambo watu hulipita. Kila sehemu tatu za joto, moja tu inakuwa umeme. Mbili zinatupwa.

---

nahodha_kojani

Zinatupwa wapi mwalimu?

---

mwalimu_kiuyu

Kikiwa pwani, baharini.

---

mzee_wa_jenereta

Hapo ndipo nahodha anapotaka kusikia, basi tupige hesabu.

Kituo cha megawati 1,000 za umeme kinatupa kama megawati 2,000 za joto. Ukitaka maji yarudi baharini yakiwa na nyuzi 10 tu zaidi ya yalivyoingia, inabidi uvute kama tani 50 za maji kila sekunde. Kila sekunde, usiku na mchana, maji mafu na bamvua. Yanaingia kwenye machujio, yanapita kwenye mabomba ya kupoozea mvuke, yanarudi. Maji haya hayagusani na ya ndani ya kinu, ni mizunguko mitatu iliyotenganishwa, kwa hiyo siku za kawaida kinachotoka ni joto, si mionzi. Lakini joto lenyewe si dogo. Waulizeni akina mama wa mwani. Kotonii, ile aina ya mwani yenye bei, imewafia miaka hii kwa sababu maji ya kina kifupi yamezidi kupata moto, wakabaki na aina ya spinosamu isiyowapa kitu. Sasa mtu akupelekee mto wa maji ya moto kwenye ghuba yako, halafu akuambie ni "athari ndogo".

Na chujio linavuta kila kinachoelea. Mayai ya samaki, vidagaa, viumbe vidogo vidogo. Kule Uingereza, kituo cha Hinkley Point C, wamevutana miaka kuhusu kifaa cha kupiga sauti chini ya maji kiwafukuze samaki wasiingie kwenye mabomba. Mwenye kituo hakutaka kukifunga, watu wa mazingira wakashikilia.

Bahari nayo hulipiza. Agosti 2025, Gravelines, Ufaransa, kundi la konyeza, wale viumbe wa baharini laini kama jeli wanaowasha, liliziba machujio ya kituo, vinu vinne vikajizima vyenyewe. Viwili vyengine vilikuwa kwenye matengenezo, kituo kizima kikawa hakitoi kitu. Sweden, Oskarshamn, lilitokea hilo hilo mwaka 2013. Konyeza!

---

nahodha_kojani

Hao sie tukiwaona kwenye jarife tunalikusanya tunarudi pwani. Sikujua kuwa hata Mfaransa anarudi.

---

kijana_wa_ghuba

Nisalimieni Wete. Mie niko Abu Dhabi miaka mingi, na nasoma huu uzi nacheka.

Huku kuna Barakah, magharibi ya pwani. Wamejenga Wakorea. Vinu vinne, jumla megawati 5,600. Mkataba ulisainiwa 2009, ujenzi wa kinu cha kwanza ukaanza 2012, kikaanza kazi rasmi 2021, cha nne 2024. Robo ya umeme wa nchi nzima unatoka pale. Huku nje nyuzi 45, AC hazizimwi, na sijaona taa ikipepesa. Na Ghuba ni bahari ya kina kifupi na ya moto kuliko ya Kilifi, mbona wameweza?

Sie tukiambiwa kitu kikubwa, neno la kwanza ni "haiwezekani". Bara wamejenga Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, na watu walisema haiwezekani.

---

mzee_wa_jenereta

Wete wamesalimika. Umesema vizuri, na sikupingi kwamba Barakah imefanikiwa. Ndiyo maana kila anayeuza nyuklia anaitaja hiyo. Finland haitaji.

Finland, kinu cha tatu cha Olkiluoto, ujenzi ulianza 2005, kilitakiwa kiwake 2009. Kimeanza kazi ya kawaida 2023. Na Wafini si watu wa kuchezea ratiba. Marekani, Vogtle, jimbo la Georgia, vinu viwili vilivyopigiwa hesabu ya dola bilioni 14 vikamalizika kwa zaidi ya 30. Hinkley Point C, megawati 3,260: mwaka 2016 walisema pauni bilioni 18 na umeme 2025. Januari 2024 wakasema bilioni 31 mpaka 35, tena kwa bei za 2015, na umeme kati ya 2029 na 2031. Hawa ni Waingereza na Wafaransa, waliokuwa na vinu tangu babu zetu wanasafiri kwa jahazi.

Barakah kilichoibeba ni kwamba vinu vinne ni vya aina moja, pahala pamoja, kwa mafundi wale wale wakihama kutoka kimoja kwenda cha pili bila ya kukaa. Wakorea walikuwa hawajaacha kujenga kwao, mikono ilikuwa bado ya moto. Na mwenye nyumba alikuwa na fedha ya mafuta, hakusubiri benki imuonee huruma.

Sasa iangalie bei ya Kenya. Iliyotajwa ni shilingi zao bilioni 500, kama dola bilioni 3.9, kwa megawati 1,000. Bangladesh, Rooppur, Warusi wanajenga megawati 2,400 kwa dola bilioni 12.65, asilimia 90 ni mkopo wa Urusi. Gawa: ni zaidi ya bilioni 5 kwa kila megawati 1,000. Misri, El Dabaa, megawati 4,800, mkopo wa Urusi peke yake ni dola bilioni 25. Gawa tena, ni hapo hapo. Kenya wanatarajia kinu chao cha kwanza, kimoja, kiwe rahisi kuliko vya Bangladesh na Misri vinavyojengwa kwa jumla jumla. Bei yao inafanana na ya mkataba wa mwanzo wa Barakah, dola bilioni 20 kwa vinne. Hata Barakah yenyewe haikuishia hapo.

Jenereta ya dizeli unainunua kwa bei ya kustahimilika halafu inakukamua kwenye mafuta maisha yake yote. Nyuklia imegeuka: urani ni sehemu ndogo ya gharama, fedha yote inakwenda kwenye zege, chuma, mafundi na riba, na inakwenda mwanzo, kabla hujauza uniti moja. Mkopo wa dola bilioni 5 kwa riba ya asilimia 6 ni dola milioni 300 kwa mwaka. Ukichelewa mwaka mmoja, milioni 300. Ukichelewa kama Wafini, fanya hesabu mwenyewe.

---

mtoto_wa_darajani

Riba! Haramu. Mods fungeni uzi, kadhi kashaamua.

---

kijana_wa_ghuba

Mzee, kila mradi unaanza kwa deni. Hata Bwawa. Na ukishalipa, kinu kinakaa miaka 60, usiku na mchana, bila moshi, bila kusubiri mvua. Maji ya Rufiji yakikauka mtasema nini?

---

mzee_wa_jenereta

Hilo la miaka 60 na la moshi nakupa, sina ubishi. Umeme wa nyuklia ukishawaka ni umeme mzuri. Koeberg ya Afrika Kusini, pwani ya Atlantiki karibu na Cape Town, inafanya kazi tangu miaka ya 1984 na 1985, na mpaka leo ndiyo pekee ya umeme katika Afrika nzima iliyo kazini. Tatizo langu ni kinu kikubwa kwenye gridi ndogo, na hapa ndipo linapotugusa sie moja kwa moja, kuliko huo mripuko wa kwenye sauti.

Jenereta moja ninayoihudumia ni ya KVA 500. Asubuhi mashine za dobi zikiwashwa pamoja, injini inaguna, sindano ya hezi, kipimo cha kasi ya mawimbi ya umeme, inashuka kutoka 50 mpaka 48 na kitu, ekzosi inatema moshi mweusi, halafu gavana, kile kidhibiti cha kasi ya injini, inasukuma dizeli na mambo yanakaa sawa. Unaisikia kifuani ukiwa umesimama pembeni. Mzigo ukizidi kwa ghafla kuliko gavana inavyoweza kufuata, breka inaruka, hoteli nzima giza, na meneja anashuka ngazi kwa mbio.

Gridi ya taifa ni hivyo hivyo. Kinachotoka na kinachotumika lazima vilingane kila sekunde. Mwanzoni mwa 2025 matumizi ya juu kabisa ya Kenya yalikuwa megawati 2,300 na kitu. Kinu kimoja cha 1,000 kikijizima, na tumeona konyeza wanatosha, umepoteza zaidi ya theluthi ya nchi kwa mpigo mmoja. Kanuni ya wenyewe wataalamu ni mtambo mmoja usizidi kama sehemu moja kwa kumi ya gridi. Mpaka 2034 Kenya watakuwa wamekua, sawa, lakini wakue mara nne?

Watu watasema nchi zimeunganishwa, majirani wataokoa. Ndiyo. Kenya wameunganishwa na Ethiopia, na sasa wameunganishwa na Bara kwa laini ya kilovolti 400. Na sie Unguja na Pemba tunaning'inia kwenye gridi ya Bara kwa waya wa baharini. Kinu kikizimika Siaya au Kilifi na kinga zisifanye kazi yake, mtikisiko unashuka mpaka Tanga, unaingia baharini, unatokea Wesha, Pemba. Mtu wa Konde ataijua habari ya kinu kwa friji lake kabla ya redio.

---

bi_mkubwa_mwanakwerekwe

Nyie vijana mnaongea gridi, sie tulioyaona tuwaambie. Desemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima haikuwa na umeme. Miezi mitatu! Na kabla yake, 2008, karibu mwezi. Waya wa baharini ndio uliokuwa umekufa.

Watu hudhani giza ni taa. Giza ni maji. Pampu hazivuti, tunakwenda na madumu alfajiri kutafuta kisima cha mtu mwenye jenereta, na anakupimia kama anakupa damu yake. Samaki Malindi ya hapa Unguja wanauzwa saa nne bei ya kutupa, barafu hakuna. Mtoto wangu alikuwa na duka la kushona, vyarahani vya umeme vimekaa, akatoa cherehani cha bibi yake cha mguu. Darajani huwezi kusikia mtu anachosema kwa vijenereta, na moshi unakuingia kwenye baibui mpaka ukifika nyumbani unanukia petroli. Iddi yenyewe tulikwishaila, la sivyo ingekuwa msiba.

Kwa hiyo mzee akisema waya, mie namuelewa.

---

mzee_wa_jenereta

Ahsante bi mkubwa. Kwa waliozaliwa juzi: waya wa kwanza wa Unguja uliwekwa 1980, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, megawati 45. Ndio uliokuwa wa pekee siku hizo. Wa pili, megawati 100, umekuja baadaye kwa msaada wa Marekani, ukazinduliwa 2013. Pemba ilikuwa ikila dizeli Wesha mpaka 2010, Wanorwei wakasaidia kuvuta waya kutoka Tanga, karibu kilomita 80 chini ya bahari, megawati 25. Mmoja. Ukipata ajali, Pemba haina pa kukimbilia ila kurudi kwenye dizeli.

Jumlisha nyaya zote tatu: megawati 170. Ndio mlango wetu wote. Bara wakitengeneza 2,000 au 20,000, kinachopita hapo ni kile kile.

---

fundi_simu_chake

Swali mkuu. Warusi wana meli yenye kinu ndani. Si waje waegeshe Mkoani tu, tumalize habari ya waya?

---

mzee_wa_jenereta

Ipo, inaitwa Akademik Lomonosov. Haina injini ya kujisukuma, inakokotwa, iko Pevek, kaskazini kabisa mwa Urusi kwenye barafu. Ina vinu viwili vya megawati 35 kila kimoja, jumla 70, karibu mara tatu ya waya wa Pemba. Ukisikia hivyo unatamani.

Ilianza kujengwa 2007, ikaanza kazi rasmi 2020. Miaka kumi na tatu kwa megawati 70. Pevek wako mbali na gridi kubwa, na nyuma yao kuna migodi ya kuwalipia. Sie Tanga tunaiona kwa macho usiku hewa ikiwa safi. Halafu jiulize bandari ya Mkoani siku za upepo wa kusi, zile ambazo hata boti inafikiria mara mbili, na pale gatini kumefungwa vinu viwili. Nani atakata bima yake? Waya wa pili kutoka Tanga, mkubwa, wenye njia tafauti na ule wa kwanza, na betri na sola kidogo huku juu. Hiyo ndiyo kura yangu, na wala haihitaji mtu wa kutoka Pevek.

---

nahodha_kojani

Tuje kwenye upepo. Mie nimevua Kilifi. Maji yale mwaka mzima yanapanda kwenda kaskazini, kusi ndiyo hasa yanakimbia. Kutoka Pemba kwenda kule unasaidiwa, kurudi ndio kazi. Kwa hiyo uchafu wa Uyombo ungeingia majini ungekwenda Malindi na Lamu, si kwetu. Lakini upepo wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, unatoka kule unakuja huku. Tanga la dau linajua. Sasa hapo vipi?

---

mwalimu_kiuyu

Umesema sahihi kuliko yule wa kwenye sauti. Kutoka Uyombo mpaka ncha ya kaskazini ya Pemba ni kama kilomita 160. Fukushima waliwahamisha watu wa ndani ya kilomita 20, na baadhi ya vijiji vya mbali zaidi upande ule upepo ulikokuwa unaelekea siku zile. Kwa hiyo kuhama Micheweni, hapana. Chembe kidogo kufika kwenye majani na maziwa wakati wa kaskazi, hilo linawezekana kwenye ajali kubwa sana, na ndiyo sababu nchi jirani hutakiwa kupewa taarifa mapema. Chernobyl waligunduliwa na Wasweden kabla wenyewe hawajasema.

Na mie niongeze juu ya kuzima. Jenereta ya mzee ukiizima imezimika. Kinu hakizimiki hivyo. Mpasuko unasimama ndani ya sekunde, lakini mabaki yake yanaendelea kutoa joto. Kinu cha megawati 1,000 za umeme kina joto la kama 3,000. Sekunde ile ya kuzima, linabaki kama asilimia 6 au 7. Ni karibu megawati 200 za joto.

---

mzee_wa_jenereta

Zaidi ya nyaya zetu tatu kwa pamoja!

---

mwalimu_kiuyu

Ndiyo. Baada ya siku moja hushuka chini ya asilimia 1, lakini lazima maji yaendelee kuzunguka. Fukushima vinu vilijizima vizuri tetemeko lilipopiga. Umeme wa gridi ukakatika, majenereta ya dizeli yakawaka kama yanavyotakiwa. Halafu tsunami ikaingia ikayazamisha, kwa sababu mengi yalikuwa chini. Tsunami ya 26 Desemba 2004 ilifika mpaka pwani yetu, na Dar es Salaam watu walifariki wakioga. Kwa hiyo mtu wa Kilifi ana haki ya kuuliza dizeli ya akiba itakaa urefu gani kutoka usawa wa maji.

---

mtoto_wa_darajani

Kumbe mwisho wa yote dunia nzima inamtegemea mzee wa jenereta.

---

fundi_simu_chake

Na Bara je? Urani si tunayo Ruvuma?

---

mzee_wa_jenereta

Ipo, Mkuju, wilaya ya Namtumbo. Julai 2025 Rais Samia alizindua kiwanda cha majaribio cha kuisafisha, mradi wenye mkono wa Warusi wa Rosatom. Ila kuwa na urani hakukupi kinu, kama mwalimu alivyosema ya ardhini ni asilimia 0.7. Kuifikisha 3 au 5 kunafanywa na nchi chache sana, kwa hiyo inatoka ikiwa unga, na ukiitaka irudi kama fueli unainunua. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ipo tangu sheria ya 2003, na kazi yake ya kila siku ni kukagua mashine za eksirei za hospitali na vyakula vinavyoingia bandarini. Kutoka hapo mpaka kusimamia kinu, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wenyewe wanahesabu miaka 10 mpaka 15 ya kujitayarisha. Sheria, mafundi, taka, bima, yote. Kenya walikaguliwa utayari wao 2015, na bado wako njiani.

Taka ni uzi mwengine. Bangladesh waliingia mkataba Warusi wazichukue fueli zilizotumika. Finland wamechimba pango la zaidi ya mita 400 chini ya jabali. Kenya waulizwe wao wako upande gani kabla ya zege ya kwanza, si baada.

---

nahodha_kojani

Mie nina shemegi yangu Mayungu. Ana dau lake na vijana wanne, na msimu wa kaskazi wanamfuata wengine kutoka Kojani wanapiga dago. Siku wakija kufunga bahari pale, iwe kwa kinu au kwa bandari au kwa hoteli, yeye ataambiwa nini?

---

mzee_wa_jenereta

Ataambiwa aoneshe jina lake. Ndivyo fidia zinavyokwenda kila pahala: anayelipwa ni aliye kwenye daftari. Shamba lina hati, bahari haina. Kenya kuna zile kamati za ufukwe, BMU, zinazoandikisha wavuvi na vyombo. Shemegi yako kama alipata kitambulisho baada ya 2023, basi anaweza kusimama kwenye mkutano wa hadhara kama mwananchi yeyote na akauliza maji yatatokea wapi, yatakuwa na joto kiasi gani, na chombo kitakatazwa kusogea umbali gani. Asiulize kama kitaripuka. Wakiulizwa hilo wanafurahi, jibu wanalo limechapishwa.

Wanaokwenda dago ndio wenye tabu. Wao Kenya si raia, na huku siku ya kuhesabiwa hawapo. Kamati ya wavuvi ya Kojani iandike nani anakwenda wapi, msimu gani, na chombo gani, na nakala ibaki kwa sheha.

---

nahodha_kojani

Kitambulisho anacho. BMU hajajiandikisha, anasema wanamzungusha. Nampigia baada ya isha. Na hilo la sheha nalipeleka kwenye kikao, ila mwenye kalamu nzuri pale ni mmoja tu naye yuko baharini mpaka bamvua liishe.